Bandari Iliondoka kwa Tamko, Ikarudi kwa Tamko. Karatasi Yako Iko Wapi?



Hebu rudi nyuma kidogo, mpaka tarehe 13 Septemba 2022. Ilikuwa Jumanne. Uwanja wa Kasarani umejaa, William Ruto ametoka kula kiapo, na kwenye hotuba yake ya kwanza kabisa kama rais anasema kazi ya kutoa mizigo itarudi bandari ya Mombasa, na maelfu ya ajira zitarudi nayo. Pengine wewe pia ulikuwa maskani, watu sita mkiangalia kwa simu moja. Kwetu Changamwe watu walishangilia kama timu imefunga bao. Kuna mzee alisimama akapiga takbir.

Kaka yangu hakusimama. Yeye alikuwa karani wa kuhesabu makontena kwenye yadi moja hapa hapa mtaani, akapoteza kazi 2019, akaenda kuendesha tuktuk ya mtu. Nikamuuliza, "Kaka, mbona umenuna?" Akanijibu, "Iliondoka kwa mdomo, imerudi kwa mdomo. Sasa mimi nifurahie nini?"

Siku ile nilimwona mkaidi tu. Nimekaa miaka kadhaa kwa hii kazi ya kuzunguka wadi na kuita vijana kwenye vikao, na sasa nadhani yeye ndiye aliyeelewa kuliko sisi wote tuliokuwa pale. Ndio maana naandika.

Wengine wenu mlikuwa bado darasani mambo haya yakitokea, kwa hivyo acha nieleze taratibu. Zamani (na zamani hapa ni 2017 tu) mzigo ukishuka melini uliingia yadi za Changamwe, Miritini na Jomvu, ukatolewa hapa, ukapandishwa lori, lori likashika barabara. Dereva anakunywa chai Mariakani, anaziba pancha Maungu, analala Voi au Mtito Andei. Kila aliposimama aliachia mtu kitu: fundi, mama wa chapati, kijana wa kuosha lori, mwenye gesti. Hiyo ndiyo ilikuwa sera ya uchumi ya Pwani, hata kama haikuandikwa popote. Lori likipita, watu wanakula.

Serikali ya Jubilee ikajenga reli ya SGR kutoka Mombasa mpaka Nairobi kwa takriban shilingi bilioni 327, sehemu kubwa ikiwa mkopo kutoka China. Treni ya mizigo ikaanza Januari 2018. Sasa mkopo unataka kulipwa, na treni bila mzigo hailipi mtu. Kwa hivyo mzigo ukaanza kusukumwa upande treni, ukatolewe Nairobi. Agosti 2019 ikatoka amri wazi kwamba mizigo ya kwenda bara isafirishwe kwa reli. Watu wakapiga kelele, amri ikasimamishwa baada ya siku chache, lakini msukumo haukuisha. Baadaye Naivasha nayo ikaingizwa kwenye hesabu. Ndani ya muda mfupi yadi zikapunguza watu. Kaka yangu alikuwa mmoja wao. Hakupewa barua. Aliambiwa asije Jumatatu.

Angalia sana hapa, manake hapa ndipo penye somo. Hakuna aliyekaa na watu wa Mombasa akawauliza: tukihamisha kazi hii, nyinyi mtakula nini? Ilikuwa ni hesabu ya mkopo, imefanywa ofisini Nairobi, ikatua kichwani kwa mama wa chapati wa Maungu.

Watu hawakukaa kimya. Mwaka huo wa 2019 kulikuwa na maandamano ya Jumatatu mjini Mombasa, wengine mnayakumbuka, na wengine walikamatwa. Lakini pia kuna watu walienda kortini. Walienda na karatasi: mikataba, maagizo, tarehe, vifungu. Na Novemba 2020 Mahakama Kuu ya Mombasa ikaamua kwamba maagizo yale yalivunja Katiba, kwa sababu yalitolewa bila kuushirikisha umma. Serikali ikapewa siku 180 irekebishe mambo.

Umeona mpangilio? Hukumu ilitoka Novemba 2020. Hotuba ya Kasarani ni Septemba 2022. Karibu miaka miwili kabla ya ile takbir ya mzee wetu, mahakama ilikuwa imeshasema watu wa Mombasa walidhulumiwa kwa kutoulizwa. Lakini muulize kijana yeyote leo nani alirudisha bandari. Atakwambia Ruto. Haki tuliyoishinda sisi wenyewe, kwa jasho la watu wetu na pesa za mawakili, imekumbukwa kama zawadi ya mwanasiasa. Na mwenye kutoa zawadi ana uhuru wa kuichukua.

Simlaumu rais kwa kutimiza ahadi. Watu hubadilisha serikali ili sera ibadilike, hiyo ndiyo maana ya kura. Na nisiwe mchoyo: Naivasha pia kuna vijana Wakenya walioambiwa bandari kavu itawapa kazi. Nao walijipanga, wengine pengine walikopa. Tamko lililotufurahisha sisi liliwaacha wao wakikuna vichwa kama sisi tulivyokuna 2019. Sera ya namna hii inageuza kaunti mbili kuwa wapinzani, zinagombania kontena moja, na anayeamua ni yule aliyeshinda uchaguzi.

Kaka alirudi kuulizia kazi baada ya ile hotuba. Alirudi mara tatu. Akapewa kibarua cha siku, leo yupo kesho hayupo, manake hakukuwa na mahali palipoandikwa kwamba waliofutwa ndio wangeanza kurudishwa. Bado ana tuktuk.

Usidhani jambo hili lilianza na SGR. Kila serikali Kenya imekuja na karatasi yake ya maendeleo, na kila karatasi imeamua nani aanze na nani angoje. Ya kwanza na kubwa ni Waraka Nambari 10 wa 1965, serikali ya Mzee Kenyatta. Ule waraka ulisema, kwa lugha ya kiungwana kabisa, kwamba pesa za maendeleo ziwekwe mahali zitakapozaa haraka: penye ardhi nzuri, mvua, na barabara tayari. Wengine watafikiwa baadaye na faida itakayopatikana. Sasa fikiria wewe uko Garissa, Wajir, Tana River, Kwale. Mkoloni hakukujengea barabara. Serikali huru inakuja inasema haitaweka pesa kwako kwa sababu huna barabara. "Baadaye" hiyo babu zetu waliingoja mpaka wakafa.

Moi akaja na mpango wake, 1983, kwamba maendeleo yapangwe wilayani. Maneno matamu, ila aliyekaa mwisho wa meza ni mkuu wa wilaya, na mkuu wa wilaya alitumwa na Nairobi. Ni wakati huo huo wa Moi, 1988, kiwanda cha sukari cha Ramisi kilifungwa. Waulize wazee wa Kwale walivyoishi kutokana na kile kiwanda, uwe na muda wa kutosha wa kusikiliza. Kibaki akaja 2003 na CDF, asilimia 2.5 ya mapato, na kweli madarasa yalijengwa, mimi mwenyewe nimesoma kwenye moja. Lakini mkoba ukawa mkononi mwa mbunge. Mbunge akibadilika, orodha ya miradi inabadilika. Kuna zahanati ninayoijua ilianzishwa na mbunge mmoja, aliyemfuata akaikataa kwa sababu haikuwa yake, na sasa ni banda la mbuzi. Wallahi sikutanii.

Hata mikopo ya vijana imefuata mtindo huu. Kibaki: Hazina ya Vijana, 2006. Uhuru: Uwezo, 2013. Ruto: Hazina ya Hasla, tarehe 30 Novemba 2022. Hazina tatu, majina matatu, uzinduzi mara tatu na vumbi la helikopta mara tatu. Na kwa wewe unayejali riba, ona tofauti: Uwezo haikuwa na riba, ilikuwa na ada ya usimamizi. Hasla ikaja na asilimia 8 kwa mwaka, na Waislamu wakarudi kuuliza swali lile lile walilouliza 2006. Uwezo haikufutwa, lakini lini mara ya mwisho umesikia kiongozi akiitaja? Mradi wa serikali iliyopita ni kama mtoto wa kambo.

Kuna kitu kingine kinachotuhusu sisi hasa. Kwa miaka mingi serikali zimeitazama Pwani na Kaskazini Mashariki kwa jicho la usalama kwanza, uchumi baadaye. Wavuvi wa Lamu walikatazwa kuvua usiku kwa miaka kadhaa kwa sababu za usalama. Samaki wengine wanavuliwa usiku tu, jamani, mvuvi yeyote atakwambia. Hiyo ilikuwa amri ya usalama kwenye karatasi, ila nyumbani kwa mvuvi ilikuwa sera ya uchumi, tena kali. Na iliondolewa vile vile ilivyowekwa, kwa mdomo wa mkubwa, bila mtu kuhesabu watoto wangapi walitoka shule.

Sasa tuje kwenye Katiba ya 2010, manake hapa ndipo mambo yanabadilika, na hapa ndipo sisi vijana tumelala.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 104, inasema kaunti lazima ipange, na hakuna pesa za umma zitakazotengwa nje ya mpango uliopitishwa na bunge la kaunti. Isome tena polepole. Hakuna pesa nje ya mpango. Mpango mkubwa ni ule wa miaka mitano, ambao wengi tunauita CIDP: wa kwanza 2013 mpaka 2017, wa pili 2018 mpaka 2022, huu wa sasa 2023 mpaka 2027. Kama mradi wa mtaa wako haumo ndani ya kile kitabu, gavana akikuahidi kwenye mkutano anakufurahisha tu. Na kama umo, hata aje gavana mwingine unaweza kumshikilia kwa karatasi.

Lakini usiishie hapo. Chukua CIDP ya kaunti yako ya 2018, halafu chukua ya 2023, ziweke pamoja. Ya kwanza utakuta imepambwa na Ajenda Nne Kuu za Uhuru: nyumba, afya, chakula, viwanda. Ya pili imepambwa na uchumi wa kutoka chini kwenda juu wa Ruto. Wakati mwingine ni soko lile lile, barabara ile ile, limevalishwa kanzu nyingine ili limpendeze mkubwa mpya. Hilo si baya sana. Baya ni pale mradi wa wananchi unapotolewa kuupisha wa Nairobi. Mfano ni yale maeneo ya viwanda ya kaunti yaliyoanzishwa 2023: serikali kuu inatoa milioni 250, kaunti inatoa milioni 250. Wazo zuri, sipingi, wakulima wa korosho na maembe wanahitaji mahali pa kusindika. Lakini milioni 250 ya kaunti inatoka wapi? Inatoka kwa kitu kingine kilichokuwa kwenye mpango. Je, kilikuwa nini? Kisima? Zahanati? Uliulizwa?

Mimi nitakwambia ukweli kuhusu kuulizwa. Mwaka juzi nilihudhuria kikao cha ushirikishaji wa umma katika wadi moja ya Pwani, sitaitaja. Tangazo lilikuwa limebandikwa kwenye mlango wa ofisi ambayo hufunguliwa mara mbili kwa wiki. Tuliitwa saa tatu, tukaanza saa sita kasoro. Karatasi tulizopewa zilikuwa kurasa arobaini na kitu, kwa Kiingereza, nakala tano kwa watu zaidi ya sitini. Wazee walikuwepo, Allah awalipe kheri. Kina mama walikuwepo. Vijana tulikuwa saba, na wawili walikuja kwa sababu ya mimi kuwavuta mkono. Afisa akasoma haraka haraka, akauliza, "Mnakubali?" Mzee mmoja akasema, "Tunakubali, lakini maji?" Watu wakacheka. Tukapewa soda na mkate, tukasaini daftari.

Ile saini yangu ndiyo inayoniuma mpaka leo. Nilidhani nimesaini kwamba nimehudhuria. Kwa macho ya sheria nilikuwa nimesaini kwamba umma umeshirikishwa. Siku ile nikiwa na hasira ningesema tumefanyiwa mchezo, na ni kweli. Lakini ningekuwa nimesoma zile kurasa kabla, ningeuliza kuhusu ukurasa fulani, swali langu lingeandikwa kwenye kumbukumbu za kikao, na siku moja wakili angeliona.

Usidhani naota. Lamu wamefanya hivyo. Ule mradi wa umeme wa makaa ya mawe ulikuwa na kila kitu: serikali nyuma yake, pesa kutoka nje, leseni mkononi. Watu wa Lamu wakasoma ripoti ya mazingira, ile nene inayochosha, wakaenda kwenye Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira. Tarehe 26 Juni 2019 leseni ikafutwa, na moja ya sababu kubwa ni kwamba umma haukushirikishwa ipasavyo. Hawakungoja serikali ibadilike. Na wavuvi wa Lamu walioathiriwa na ujenzi wa bandari mpya, mpango ulioanza kwa Kibaki 2012, gati la kwanza likafunguliwa na Uhuru Mei 2021, nao walienda mahakamani, na 2018 Mahakama Kuu ikaamua walipwe shilingi bilioni 1.76, zaidi ya wavuvi 4,000. Malipo yalichelewa na yakaleta mivutano yake, hilo lazima niseme. Lakini rais mpya alipokuja, alikuta deni limeandikwa. Hawezi kulifuta kwa hotuba.

Kuna mtu ataniambia, "We, hata kilichoandikwa hakitekelezwi." Sawa, hoja nzuri, na ina ushahidi mchungu. Katiba, kifungu cha 204, iliunda Hazina ya Usawazishaji: asilimia 0.5 ya mapato ya serikali kuu kila mwaka, iende kwa maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyotengwa. Ndiyo jibu la ule waraka wa 1965, miaka 45 baadaye. Orodha ya kwanza ilikuwa na kaunti 14, na angalia majina: Garissa, Wajir, Mandera, Isiolo, Marsabit, Tana River, Lamu, Kwale, Kilifi, Taita Taveta na wenzao. Hao ni sisi kwa kiasi kikubwa. Lakini pesa zikakwama. Kaunti na serikali kuu zikavutana nani azishike, 2019 mahakama ikabatilisha miongozo ya kuzitumia, orodha nayo ikabadilishwa ikawa ya maeneo madogo 1,424 badala ya kaunti nzima. Huku tukivutana, saa inaenda. Ile hazina ina umri: miaka 20 tangu Katiba ianze kutumika, yaani inaisha 2030, isipokuwa Bunge liiongeze. Miaka mingi imeshapita. Ni wangapi kati yetu tumewahi kumuuliza mbunge wetu, hata kwa ujumbe wa simu, kuhusu Hazina ya Usawazishaji? Tunamuuliza basari na jezi.

Au Kwale. Sheria ya Madini ya 2016 inasema mirabaha igawanywe, asilimia 70 serikali kuu, 20 kaunti, 10 kwa jamii inayoishi machimboni. Watu wa pale walikaa miaka wakiulizia ile 10 huku machanga yakipandishwa meli. Mwisho wa 2024 uchimbaji ukakoma. Shimo limebaki pale pale. Kilichoandikwa bila mtu wa kukisimamia kinalala, nakubali. Lakini kisichoandikwa hata hakizaliwi. Watu wa Kwale wana pa kushika wanapodai. Kaka yangu hana.

Najua pia kuna wanaosema sasa tuna watu wetu ndani. Ni kweli, Salim Mvurya na Hassan Joho, waliokuwa magavana hapa Pwani, waliingia baraza la mawaziri. Ni vizuri kuwa na mtu mezani. Ila waziri anateuliwa kwa kalamu na anaondolewa kwa kalamu, na tumeshaona karibu baraza zima likivunjwa Julai 2024. Ukijenga matumaini ya mtaa wako juu ya kiti cha mtu, kiti kikisogezwa unaanguka nacho. Vijana wenzangu wa chama hiki na kile, msinikasirikie. Nimesema hivi hivi mbele ya waheshimiwa wenyewe, na chai nilipewa.

Uchaguzi ni Agosti 2027. Manifesto zitakuja kwa magari yenye spika, na bandari itakuwa ndani, ninakuhakikishia. Mmoja atasema atailinda, mwingine atasema ataikodisha, wa tatu atasema ataigawia kaunti. Baada ya uchaguzi, magavana watakaa kuandika CIDP mpya, ya 2028 mpaka 2032. Huo ndio wakati ahadi za spika zinageuka kuwa kurasa au zinageuka kuwa upepo. Na kawaida wakati huo sisi tumeshachoka, tumerudi maskani, tunangoja kuitwa kazi na mtu tuliyempigia kampeni.

Kabla ya hapo kuna tarehe ambazo hazingoji uchaguzi. Mpango wa maendeleo wa mwaka unafikishwa bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Waraka wa mikakati ya fedha, ule unaoamua kila idara itapata kiasi gani, tarehe 28 Februari. Makadirio ya bajeti, tarehe 30 Aprili, na bajeti inafaa iwe imepitishwa kufikia tarehe 30 Juni. Wengi hujitokeza Juni, wakati keki imeshakatwa. Nenda Februari. Ukinyimwa nakala, andika barua ya kuomba, taja Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Ofisi ina siku 21 za kukujibu. Hakikisha wamepiga muhuri kwenye nakala yako. Ule muhuri ni mali, uuweke pamoja na cheti cha kuzaliwa.

Na ukienda kikaoni usiende na malalamiko ya jumla. "Vijana tunaumia" haiingii kwenye bajeti, inaingia kwenye hotuba. Nenda na kitu kimoja: jina la mradi, wadi, umeahidiwa ukurasa gani, umetengewa kiasi gani, umefikia wapi. Waombe waandike swali lako kwenye kumbukumbu na uwaone wakiandika. Kama karatasi ni za Kiingereza tu, sema hapo hapo kwamba wazee hawaelewi, iandikwe hivyo. Na usisaini daftari bila kuandika kando ya jina lako kama umepata nakala au hukupata. Mimi sikufanya hivyo, ndio maana nakuomba wewe ufanye.

Misikitini pia tuna nafasi. Wengi wa maimamu wetu wako tayari kutupa dakika tano baada ya swala kutangaza kikao cha bajeti, kama tunavyotangaza maziko na harambee. Nimeomba mara nne, nimekataliwa mara moja, na hata yule aliyekataa alisema nirudi baada ya Ramadhani. Shura si neno geni kwetu, sisi ndio tumeliacha kwenye khutba.

Kwa hivyo fanya hivi leo, kabla hujaenda chini kwa maoni kunitukana au kuniombea dua. Tuandikie ukurasa huu jina la wadi yako na mradi mmoja ulioahidiwa ukasimama serikali au gavana alipobadilika. Mmoja tu. Tunakusanya ili tuangalie upi umo kwenye CIDP ya 2023 na upi ulikuwa wa mdomo. Ile iliyomo tutaibeba kwenye kikao cha Februari, wadi kwa wadi, inshaallah. Ile isiyomo tutaiweka kwa ajili ya mpango wa 2028.

Watu wa Changamwe na Jomvu, tutaondoka pamoja. Kaka amesema atakuja, hakutaka kunipa sababu. Tuktuk yake ina nafasi ya watu watatu nyuma, kwa hivyo wa kwanza kuandika ndio watapanda bure.